Hauzi Kioo kwa Meza Asiyoiona

9 Februari

Kwako Baba Chiriku,

Salamu nyingi, nikitumaini wewe na mjukuu wangu mnaendelea vizuri. Sisi huku wazima, ukiondoa ya kuondoa. Mgongo wangu bado una kiburi. Dada yangu mkubwa aliteleza bafuni akavimba kifundo cha mguu, sasa anatuamrisha sote akiwa kitandani, na nadhani mambo yamemnyookea. Wale wasichana wangu wawili wa karakana wanakusalimu. Mmoja amejifunza kushona kola bila kutoa ulimi nje. Mwingine bado.

Chiriku vipi? Ulisema meno ya mbele yanacheza. Yakitoka usimcheke, atajifunza kuficha mdomo.

Sasa shida yangu. Ile mashine mpya ya kudarizi inafanya kazi kama punda mwaminifu, lakini haichori yenyewe. Nembo ya shule lazima niichore mimi kwanza kwenye kompyuta, mshono kwa mshono, ndipo mashine ifuate. Na kompyuta yenyewe ni hii ndogo wanayoiita mpakato. Baba, mimi nimepakata watoto wangu, nimepakata wa ndugu zangu, nimempakata Chiriku. Sijawahi kupakata kitu kinachounguza mapaja namna hii na wala hakikui. Kioo chake kama kisahani. Nikitaka kuuona mshono mmoja nauvuta karibu, nembo yote inapotea. Nikitaka kuiona nembo nzima, mishono inakuwa ukungu. Juzi nimedarizi simba wa shule, akatoka mbuzi mwenye mafua.

Nimesikia mtu anaweza kununua kioo kikubwa peke yake, akakichomeka kwenye mpakato kwa waya. Wewe unashinda kwenye kiwanda cha uchapaji ukitazama rangi kwenye vioo vya namna hiyo. Nichagulie. Gharama usiwaze.

Naandika kwa sababu simu mimi nawe imetushinda tangu tumzike mwanangu. Unasema haloo, nasema haloo, tunanyamaza mpaka mmoja aulizie mvua. Barua hainyamazi.

Ni mimi, mama mkweo.


27 Februari

Mama, shikamoo.

Barua yako imenikuta mzima, na Chiriku mzima kupita kiasi. Jino la kwanza limetoka, akalimeza pamoja na mkate, akalia kwa kuwa hatutaliona tena. Nimemwambia lipo, liko safarini. Mpe mama mkubwa pole ya mguu. Kiwandani kazi ni zilezile: kalenda, vitabu vya shule, maboksi ya dawa ya meno. Wiki nzima nimebishana na mteja anayetaka bluu ambayo iko kichwani mwake tu.

Kuhusu kioo. Mama, usikichague kwa ukubwa peke yake. Picha ya kwenye kioo imetengenezwa kwa nukta, kama darizi ilivyo mishono. Kioo kikubwa chenye nukta chache ni sawa na kudarizi ua kwenye gunia: litakuwa kubwa, lakini utaona matundu. Wewe unahitaji nukta nyingi zilizobanana, ili uione nembo nzima na mshono mmoja mmoja kwa wakati huohuo. Kioo cha namna hiyo wauzaji wanakiita "fokei", na nukta zake ni mara nne ya vioo vya kawaida. Inchi ishirini na saba zinatosha. Pia rangi zake zisigeuke ukisogea pembeni.

Jumamosi nilipita duka moja la vifaa vya kompyuta, ghorofani, juu ya duka la rangi za nyumba. Muuzaji ni dada mmoja anayevaa utepe wa kupimia shingoni kama ninyi mafundi. Wenzake wanamwita Bi Vipimo. Nikamwambia natafuta kioo cha mama mkwe wangu. Nilidhani atanitajia bei. Akauliza, "Anakaa umbali gani kutoka kwenye meza?"

Nikasema sijui.

"Anavaa miwani?"

Nikasema ya kusomea, nadhani.

"Kompyuta yake ina tundu gani?"

Sijui.

Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Kaka, huyo mama unamfahamu kweli?"

Duka zima likacheka. Kwa hiyo, mama, nisaidie nisiaibike tena. Nitazamie matundu ya ubavuni mwa mpakato. Kama kuna dogo lenye umbo la kidonge, angalia kando yake kuna alama gani.

Wako mtiifu,
Mkweo.


20 Machi

Baba Chiriku,

Salamu kwako na kwa huyo mla meno. Dada yangu anakushukuru kwa pole, lakini anasema pole haina miguu, angependa kukuona. Huku mvua zimeanza na paa la karakana linavuja mahali palepale pa mwaka jana, kwa hiyo ndoo inajua kazi yake.

Nimelala chini ya meza na tochi kama fundi wa magari. Ubavu wa kushoto kuna tundu pana, kama mdomo wa samaki aliyenuna. Kulia kuna hilo la kidonge, na kando yake wamechora radi ndogo. Msichana wangu, yule wa ulimi, anasema radi ni ya kuchajia tu. Mimi sijui, mimi nashona.

Mwambie huyo dada wa utepe hivi: kutoka machoni kwangu mpaka kwenye meza ni mkono wangu mzima pamoja na kidole kirefu. Miwani navaa, lakini huinama kuchungulia juu yake, ndiyo maana shingo inaniuma. Mwambie pia kwamba nimefurahi. Daktari wangu wa mgongo hajawahi kuniuliza nakaaje.

Je, kioo kikiwa na nukta nyingi hivyo, maandishi hayatakuwa madogo kama chawa? Na huyo dada ana maoni gani kuhusu vile vyembamba vinavyotangazwa? Usikimbilie kununua. Mimi sina haraka, napenda kujua.

Mama mkweo.


11 Aprili

Mama mpendwa, shikamoo.

Sisi wazima. Chiriku amechaguliwa kiongozi wa kufuta ubao darasani kwao, na sasa anafuta hata meza yetu kabla sijamaliza kula. Pole kwa paa. Mwambie mama mkubwa miguu yangu itafika.

Alama ya radi! Bi Vipimo aliposikia alipiga makofi. Kumbe tundu hilo lina nguvu: waya mmoja tu utapeleka picha kwenye kioo na kurudisha umeme kwenye mpakato, meza ikabaki wazi. Lile pana lingeweza pia, ila kwa kusuasua. Alituonyesha kwa kompyuta moja kuukuu ya pale dukani. Ukisogeza kipanya, mshale unakuja nyuma ya mkono wako kama mtoto aliyeamshwa kwenda shule. Chiriku alicheka mpaka akakaa chini. Tulicheka sote.

Nilikwenda na Chiriku, maana Jumamosi hana pa kwenda. Suka zake zilikuwa zimefumuka upande mmoja. Mkono wangu wa kusuka unaujua. Wakati nasoma maandishi ya nyuma ya maboksi, Bi Vipimo alimkalisha juu ya kaunta akamsuka upya, huku akimhudumia mteja mwingine. Anasema amelea wadogo zake, vidole vyake havijui kukaa bure.

Kuhusu maandishi kuwa madogo, usiogope. Kuna mahali unaiambia kompyuta ikuze herufi, na kwa kuwa nukta ni nyingi, herufi zinakua bila kuchakaa. Kuhusu vile vyembamba, nilimwonyesha kimoja kizuri sana, akakataa kuniuzia. "Hicho ni cha kuringia," alisema. "Kichwa hakipandi wala hakishuki. Mama ana shingo inayouma, na wewe unampelekea kitu cha kumwinamisha?" Kwa hiyo tumeona tuchukue chenye mguu unaopanda, ukingo wa juu ulingane na macho yako.

Jumamosi iliyofuata tulirudi kuhakikisha urefu wa waya. Juzi nilipita nikitoka kazini kuulizia dhamana. Na kesho nitapita tena, kuna jambo dogo la plagi.

Mkweo.


2 Juni

Mama, shikamoo.

Sijapata jibu la barua yangu ya Aprili. Nilidhani imepotea, nikasubiri. Je, mnaumwa? Ni mgongo? Ni mama mkubwa? Nilipiga simu akapokea msichana wa karakana, akasema uko kazini. Nilisikia mashine ikilia nyuma yake. Sikutaka kukusumbua.

Kioo tumewekewa kando dukani. Meno ya Chiriku yanaota, makubwa kama ya mtu mzima. Anakuuliza kila siku.

Mkweo.


19 Juni

Baba Chiriku,

Salamu. Sisi wazima. Dada yangu anatembea. Nilikuwa na sare za muhula, kazi ilinifika shingoni.

Kuhusu kioo, acha tu. Nimezoea hiki kidogo. Simba au mbuzi, hakuna mzazi aliyelalamika.

Baada ya mazishi nilikuomba mtoto nikae naye. Ulisema, "Tutaona, mama." Nataka kujua tumeona nini.

Mama mkweo.


8 Julai

Mama, shikamoo.

Natumaini sare zimekwisha salama na mgongo umepumzika. Chiriku hajambo. Amejifunza kupiga mluzi kwa pengo lililobaki, na jirani wa chini ameshakuja kulalamika.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi za kiwanda, kisha nikarudi ndani nikachanganya wino vibaya. Maboksi ya dawa ya meno yakatoka rangi ya maini. Msimamizi alinivutia kiti tu nikae.

Nilisema tutaona kwa sababu sikuweza kusema hapana kwa mama wa mke wangu, siku ile, mbele za watu. Jibu lilikuwa hapana, na bado ni hapana. Si kwamba hutamlea vizuri. Nimeishi na mtu uliyemlea, najua kazi ya mikono yako. Ni kwamba asubuhi mtoto huyu hunifungua jicho kwa kidole na kuuliza, "Baba, umo?" Nikishajibu kwamba nimo, ndipo ninajua siku inaanzia wapi. Nikikupa yeye, mama, nitaamshwa na nani? Lakini likizo zote ni zako. Nitamleta mimi mwenyewe, si kumpa mtu amlete.

Kama ni lile duka, nimeacha kwenda. Hakuna kilichotokea. Alimsuka mtoto tu. Chiriku ameniuliza kwa nini hatuendi tena kumwona mshale mvivu. Nikamwambia bibi hataki kioo tena.

Akafikiri, akasema, "Basi tumtafutie kitu kingine anachotaka. Palepale."

Mkweo.


30 Julai

Baba Chiriku, baba yangu,

Habari za huko? Huku jua limerudi na ndoo imekwenda likizo. Msichana wa ulimi amepata mchumba. Dada yangu amemhoji kijana wa watu mpaka akaomba maji.

"Palepale!" Nilicheka peke yangu karakanani mpaka wasichana wakazima mashine. Huyo mtoto ana akili ya mama yake, aliyejua kuzunguka neno mpaka ukajikuta wewe ndiye uliyelisema.

Barua yako ya Aprili ilinichoma, na sitasema haikunichoma. Nilipofika pale aliposukwa juu ya kaunta, mikono yangu iliuma. Kweli iliuma, kama mtu aliyefua kutwa. Nikajiona mimi bibi mzima niko huku nahesabu matone ya ndoo ya paa, na mtu baki ameshika kichwa cha mjukuu wangu. Nikasema leo ni suka, kesho mtoto ataniuliza mimi ni nani. Ndiyo maana nikanyamaza, kisha nikaandika yale.

Halafu nikaisoma tena nikiwa nimetulia. Tangu msiba, barua zako na salamu zako zimekuwa kama taarifa ya habari: mvua, bei, afya. Hii ilikuwa na watu ndani. Uliandika "tulicheka sote". Nikajiuliza, hivi mara ya mwisho nilimsikia lini huyu kijana akicheka? Sikukumbuka. Nikaona haya.

Mtoto abaki kwako. Likizo nimezipokea, na nitakudai.

Sasa nina swali la kitaalamu. Dirisha la karakana liko nyuma ya kiti changu, na asubuhi jua lote linaingia. Je, kioo kiwe kinachong'aa au kisichong'aa? Usimuulize mtu wa kiwandani kwenu, wala usisome maboksi. Kamuulize mwenye utepe. Ukishapata jibu usitoke mbio kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Muulize wadogo zake wamefika wapi. Mtu anayejua kuuliza na yeye hupenda kuulizwa.

Tena mwambie nimesema suka za mbele asizikaze. Nywele za Chiriku pale kwenye paji ni laini, zinakatika.

Mama mkweo.


21 Agosti

Mama yangu, shikamoo.

Salamu kutoka kwetu sote. Mpe hongera mchumba wa watu, na pole kwa mahojiano. Jirani wa chini amezoea mluzi. Sasa anaujibu.

Kisichong'aa. Kinachong'aa kingekuonyesha dirisha na uso wako mwenyewe kutwa nzima. Hilo lilichukua dakika moja. Baada ya hapo nilifuata maagizo yako, na nilikuwa na woga kuliko siku ya mtihani.

Wadogo zake wote wamekua. Mmoja dereva wa lori, mmoja anasomea ukunga, wa mwisho ameolewa mwaka huu. Anasema tangu huyo aondoke nyumba ina mwangwi. Akitoka kazini anapika chakula cha watu wengi kwa mazoea, halafu anakitazama. Tuliongea mpaka wakaanza kufunga duka, Chiriku akiwa amelala juu ya maboksi. Ujumbe wa suka nilimfikishia. Akasema, "Mwambie asante. Nilikuwa nikijiuliza kwa nini anakunja uso."

Kisha nikamwambia kuhusu mke wangu. Mama, ilikuwa mara ya kwanza kumsimulia mtu ambaye hakumjua. Sikujua pa kuanzia, nikaanzia na jinsi alivyokuwa akiimba vibaya akiosha vyombo. Nilitegemea aniambie pole. Hakusema. Aliuliza, "Alikuwa akiimba nini?" Nikamwimbia, palepale kwenye kaunta, na mimi sauti yangu unaijua.

Nakuuliza wewe kabla sijamuuliza yeye wala mtu mwingine yeyote. Nikioa tena, mimi na wewe tunakuwa nani? Ukwe wetu ulifungwa na mtu ambaye hayupo. Sipendi ufunguke. Ukisema hapana, nitakuelewa, na hutasikia tena habari za duka.

Kuhusu kioo, kimekwama. Nilitaka kukilipia nikuletee, Bi Vipimo akagoma. Anasema kwa mtu mwenye mgongo na dirisha la nyuma, hauzi kioo kwa meza asiyoiona.

Mkweo, kama bado ndivyo.


3 Septemba

Baba Chiriku,

Salamu baadaye. Umeuliza tunakuwa nani. Mimi sijui, na dada yangu, ambaye anajua kila kitu, naye hajui. Watu hawajatunga neno lake. Lakini mimi sijawahi kuacha kushona nguo kwa sababu haina jina.

Njooni watatu, Bi Vipimo aje na utepe wake. Chiriku atalala na mimi. Mgeni atalala chumbani kwa dada yangu. Dada yangu anakoroma, mwambie mapema asije akasema hatukumpa vipimo.

Mama mkweo.


14 Oktoba

Wanangu,

Naandika kwenu wawili, maana najua mtaisomea meza moja. Salamu kwa Chiriku. Mwambie kofia yake aliisahau, na dada yangu ameivaa kwenda nayo sokoni. Sisi wazima. Karakana imepata kazi ya majoho ya mahafali, na msichana wa ulimi ameolewa, kwa hiyo natafuta ulimi mwingine.

Bi Vipimo, ulipokuwa unaniaga nilikupima kwa macho. Bega lako la kushoto liko chini kidogo ya la kulia, nitalifuata. Gauni usinunue popote. Leteni tarehe ya harusi tu. Nitakuja na dada yangu, na tutakaa mbele, upande wowote mtakaotuweka.

Tangu mwondoke sina wa kumsimulia ilivyokuwa, kwa hiyo nawasimulia ninyi, jinsi nilivyoona kwa upande wangu.

Nilikuwa nimejiandaa kukuchunguza, binti. Nilipanga maswali. Ukaingia, ukanipa shikamoo, na kabla ya chai ukaniambia nikae kwenye kiti changu kama ninavyokaa siku zote, nisijikaze. Ukanipima kutoka jichoni mpaka kwenye meza, kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kiti. Mimi nimepima watu maisha yangu yote, sikujua kwamba anayepimwa huona haya. Maswali yakanipotea. Ukaisogeza meza, ukatia kitabu cha mitindo chini ya mguu mmoja, ndipo ukaruhusu boksi lifunguliwe. Simba wa shule akatokea na sharubu zake zote. Nilihesabu mishono ya jicho lake bila kuinama. Dada yangu akasema, "Sasa huyo anauma."

Hapo ndipo Chiriku aliposema, "Bibi, tumwone mama hapo."

Mkwe wangu, wewe uliinama kutazama waya ambao haukuwa na tatizo lolote. Nami nilitaka kusema baadaye. Lakini mtoto alikuwa ameshapanda kwenye paja langu, nikaifungua kwenye kompyuta ile picha yake ya sebuleni, aliyopigwa akicheka na kitambaa begani. Kwenye mpakato uso wake hauzidi ukucha. Pale akatokea mkubwa kama mtu aliyekaa mbele yetu, mpaka lile kovu la kwenye nyusi, alilolipata akitambaa chini ya meza yangu ya kukatia. Lakini alikuwa wa kijani. Alionekana mgonjwa, kama zile siku za mwisho.

Chiriku akasema, "Mama hakuwa hivyo."

Nikaona mkono wako, binti, unakwenda kwenye vile vitufe vya chini ya kioo. Ukauliza taratibu, "Alikuwaje?"

Chiriku akanigeukia mimi.

"Mimi sikumwona," ukasema. "Alikuwaje? Niambieni."

Nikasema, "Punguza kijani." Ukapunguza. Nikasema, "Hakupauka hivyo. Alikuwa mweusi wa kung'aa." Ukafuata. Ndipo mkwe wangu ukainua kichwa kutoka kwenye waya wako, ukasema, "Wekundu. Kidogo. Ongeza. Hapana, rudi." Sauti yako ilikuwa ile ya kiwandani. Tukaendelea hivyo, mmoja anasema, mwingine anabisha, wewe binti unafuata kidole kwa kidole, mpaka Chiriku akapiga kelele, "Hapo hapo! Usiguse!"

Ukauondoa mkono kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Alikuwa yeye. Tukakaa naye mpaka chai ikapoa.

Sasa sikilizeni. Jumatatu nilianza kazi ya majoho. Nikafungua nembo ya chuo, nyeupe imekuwa kama imemwagikiwa chai, kijani kimekufa, njano inataka kuwa machungwa. Nikadhani kioo kimeharibika. Msichana wangu aliyebaki akatazama, akasema, "Mama, rangi zimehamishwa. Kioo hakina kosa. Ile picha ndiyo iliyopigwa chini ya taa mbaya. Ilitakiwa irekebishwe picha, kioo kiachwe."

Nikakaa chini.

Wewe unayepima rangi kwa mshahara unalijua hilo hata usingizini. Na wewe, binti, unauza vioo. Wote wawili mlijua tangu kitufe cha kwanza, na hakuna aliyefungua mdomo. Mkakiacha kioo kizima kipinde kumfuata mwanangu.

Basi msiniandikie maelekezo ya kukirudisha. Msichana alitaka kukirudisha, nikamkataza. Mishono naiona yote, na hicho ndicho nilichohitaji. Rangi za nyuzi nazichagulia dirishani, uzi mkononi, jua begani. Nikimaliza kazi nafunga nembo, nafungua picha ile, na tunaagana.

Mama yenu.